Daftari la Viatu

Nimepewa kazi ya kunakili: daftari la viatu,
jalada jeusi la kitambaa, pembe zimeliwa na mende,
liingie lote kwenye kompyuta kabla ya ukaguzi wa Juni.
Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka ule wa polio:
banda la mabati upande wa Dagoretti,
vitanda kumi na viwili, watoto thelathini na mmoja,
na hati ya Sila Kilungya, fundi wa ngozi,
imeinama kushoto kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja.

Haandiki ugonjwa. Anaandika mguu.

*Muthama. Kushoto sita, kulia tisa. Chuma hadi gotini.
Mama yake ameacha kuku. Amerudishiwa.*

*Adhola. Nyayo zote zimepinda ndani. Plasta mara kumi na moja.
Anauliza kama atacheza mpira. Nimemwambia amuulize daktari.*

*Msichana, jina bado. Ameletwa na toroli.*
Na chini yake, kwa kalamu nyingine, miezi saba baadaye:
*Toroli limebaki kwetu. Mwenyewe ameenda kwa miguu.*

Mimi nilikuja banda likiwa limeshapata sakafu.
Harufu naijua: plasta mbichi, gundi,
uji wa wimbi ulioshika chini ya sufuria.
Msumeno wa plasta ulilia kama nyigu kwenye chupa;
sista akasema haukati ngozi,
nasi tukamwamini kwa macho yaliyofumbwa.
Jioni tulishindana kwa magongo hadi mlango wa jikoni.
Mwenda pole hajikwai, matroni alitukemea.
Chepkirui akamjibu: sisi hujikwaa hata tukilala.
Alinyimwa chai. Tulimpa yetu, funda kwa funda.

Mama alikuwa ameulizwa bombani, pale Makongeni,
mbele ya foleni nzima: wewe ulimkosea nani?
Hujafa hujaumbika, akasema,
akajitwika debe likiwa halijajaa.

Sasa, viatu.
Duka la mjini halikuuza mguu mmoja.
Ukitaka kushoto moja na kulia tatu
unanunua jozi mbili, unavaa nusu,
nusu nyingine inakaa stoo, imefiwa kabla ya kuolewa.
Rafu zilijaa. Sila akakuna kichwa,
akachora safu mpya kwa wino mwekundu,
akaiita *Mwenzake*.

Ukurasa wa mia mbili na nne nilisimamisha vidole.
*Khakasa. Kushoto moja, kulia tatu.
Mwenzake: Galgalo, wa Marsabit. Kushoto tatu, kulia moja.*

Khakasa ni mimi.
Galgalo sikuwahi kumwona; wodi ya wavulana
ilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya kamba za shuka.
Miaka sita tulikuwa tukivaa jozi mbili, watu wawili,
tukizimaliza soli upande mmoja mmoja,
na hakuna aliyetwambia.

Mwaka wa saba, kwenye jina lake, mstari tu.
Huenda alikwenda kwao. Huenda.
Fundi aliyejua kuku wa nani alirudishwa
hapa hakuandika neno.

Nimeshuka stoo kwa ngazi, lifti imekufa tena.
Juu kuna ghorofa nne, na binti mmoja wa Kayole
anapima nyayo za watoto kwa mwanga, bila kuzigusa.
Chini kuna rafu zilezile.
Niliviona nyuma ya makopo ya rangi:
kushoto tano, kulia tatu,
ngozi haijapata hata mkunjo wa kwanza,
kamba zimefungwa kwa fundo la Sila.

Fomu ya kompyuta haina safu ya *Mwenzake*.
Nimempigia simu kijana wa mitambo.
Ni ya lazima? anauliza.
Nimemwambia apande aje,
atanikuta mezani,
viatu vinne vimepangwa juu ya daftari,
viwili vyangu, nimevivua.